Opereta wa Hell-Ville

Juu ya sikio lake la kushoto nywele zilikuwa haba, kama nyasi pahali panapopita miguu ya watu. Alisema ni kazi ya kile chuma cha kusikilizia alichokivaa kichwani miaka yote aliyokaa mbele ya ubao wa simu wa posta, Mahajanga. Hakuona haya. Alisuka nywele zake nyuma na kuiacha leso ianguke mabegani, anayetaka kutazama atazame amalize. Mtaani kwetu Hell-Ville kila mtu alimwita Opereta. Jina alikuwa nalo, tena mawili, lakini sikumbuki kusikia mtu akilitumia hata moja. Mimi mbele yake nilisema bweni, kama sisi wenye asili ya Ngazija tunavyomwita mwanamke wa heshima, naye aliniita mwanangu. Asijidanganye mtu kwa hilo. Hata askari wa doria yeye alimwita mwanangu, na hakuwa akimpenda.

Ukuta wa duka langu ulikuwa ukuta wa duka lake. Mimi nilitengeneza redio na televisheni, na baadaye kompyuta za mtumba zilizoshushwa kutoka Réunion. Yeye alikuwa na vibanda vya simu vya mbao, watu wakija kupiga Antananarivo, Diego, Ufaransa. Alifika kisiwani kwetu, Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nikiwa bado navaa kaptula ya shule, kwa hiyo siwezi kusema nilimwona akiwa kijana. Nilipoanza kumtazama kwa akili, tayari alikuwa mtu mzima wa mgongo ulionyooka, anayekaa kwenye kiti kama aliyeambiwa asubiri.

Sauti zake zilikuwa mbili. Ya nyumbani ilikuwa na mikwaruzo, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ya simu ilikuwa laini na safi, na ukiisikia kwa mara ya kwanza ungegeuka kutafuta ni nani mwingine yumo ndani. Kwa wateja alisema Kimalagasi cha huku kwetu, kwa maofisa Kifaransa, na Kingazija alikitunza nyuma ya pazia, kwa ajili ya watu wachache. Kiswahili alikuwa nacho cha bandarini na cha msikitini tu: shehena, nanga, sadaka, mauti. Alikitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeshika kikombe cha mwenziwe.

Mteja akipiga kelele ndani ya kibanda, alibisha mbao kwa kidole. "Baba, yuko Antananarivo, si kiziwi." Na kila alipomaliza maongezi yake mwenyewe ya simu, hata na muuza mkaa, alitoa taarifa kwanza. "Sasa naweka chini." Akangoja ajibiwe haya, ndipo aweke. Vijana wa mtaa walimwiga na kucheka. Mimi nilidhani ni adabu ya kazi.

Alisikia mengi na hakutoa hata moja. Mbao za vibanda zilikuwa nyembamba. Mimi mwenyewe upande wa pili nilijua nani anamdanganya nani. Siku moja mke wa mwenye gari la mizigo alikuja kumbembeleza amwambie mumewe alikuwa anaongea na nani Diego.

"Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa nasikiliza mvua."

"Mvua gani, bweni? Jana ilikuwa jua kali."

"Basi ndiyo maana nilisikiliza sana."

Huruma yake ilikuwa ya namna yake, na wengi hawakuitambua. Mtu akilia kibandani alimwacha alie. Akitoka, Opereta alimpa ufagio. "Fagia hapo mlangoni." Na watu walifagia. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu, wakifagia mlango ule kwa utulivu, kisha wakarudisha ufagio na kwenda zao.

Lakini kuna siku nyingine sijaisahau. Alikuja mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha sukari, mdogo wake alikuwa amezama wakati anavuka bahari kutoka Ankify, na ilimpasa ampigie mama yao bara. Alishika mkono wa simu, akauweka sikioni, akauondoa, akauweka tena. Opereta aliingia kibandani, akamchukulia simu mkononi.

"Nipe. Sauti yako itafika kabla ya habari yenyewe."

Kisha akasema, kwa ile sauti ya pili, "Mama, umekaa? Kaa kwanza. Nani yuko karibu nawe? Mwite. Nangoja." Akangoja kweli, macho ameyafumba, mpaka jirani wa yule mama akafika. Hapo ndipo aliposema, kwa maneno machache, bila kuzungukazunguka. Alibaki na mama yule kwenye laini mpaka kilio kikawa kilio cha watu wengi. Alipomaliza alimrudishia yule kijana simu, akaenda nyuma ya duka. Nilimsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akauliza kama chai ipo.

Kuhusu hitilafu alikuwa mkali kuliko mimi niliyeifanya kazi. Nikikaa na redio iliyokufa, alikuja na kigoda chake akanitazama. "Usianze na mbali," alisema. "Anza na ulichoshika mkononi." Simu yake mwenyewe ikikwaruza, hakulala na ile mikwaruzo. Alifuata waya kutoka kwenye mashine hadi ukutani, kutoka ukutani hadi dirishani, akiupapasa kama anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alisema laini mbovu ni mbaya kuliko laini isiyokuwapo, kwa sababu isiyokuwapo haimdanganyi mtu. Nakumbuka ukali huo kwa sababu ya yaliyokuja baadaye, pale nilipomwona kwa mara ya kwanza akiwa mpole mbele ya hitilafu, nami nisielewe.

Tangu ahamie kwetu, Mahajanga hakukanyaga tena. Nilikuwa nikienda kule kununua vipuri, nikamuuliza, "Nikuletee nini, bweni?"

"Achari ya maembe."

"Na salamu nimpe nani?"

"Sina mtu wa kumsalimia kule."

Tulijua kwa nini, au tulidhani tunajua. Siku zile, na wazee wetu hawakuwa na jina lingine ila siku zile, Wakomoro wengi waliuawa Mahajanga na nyumba zao zikachomwa. Waliosalia walikusanywa kambini, wakapandishwa meli na ndege kupelekwa Komoro, visiwa ambavyo wengine wao walikuwa hawajapata kuviona. Mama yake aliuawa. Mdogo wake wa kiume aliondoka na meli. Yeye alibaki, kwa sababu kazini aliandikwa kwa jina la Kimalagasi na hakuna aliyejua ni mtu wa wapi. Miaka michache baadaye akaacha kazi, akahamia kisiwani kwetu. Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo, na hatukuuliza zaidi. Katika jamii yetu kila nyumba ilikuwa na mlango mmoja usiofunguliwa.

Mdogo wake hakuwahi kumtafuta. Miaka ikapita mpaka simu za mkononi zikaanza kuwanyang'anya wateja wa vibanda vyake. Ndipo mtu wa Hell-Ville aliyekwenda harusini Marseille alipokutana na binti wa yule mdogo wake. Baba amehamia kwangu, binti alisema, figo zimekufa, anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Akatoa namba. Opereta alikaa nayo mpaka wiki ikaisha, kisha akaingia kwenye kibanda chake mwenyewe kama mteja na kufunga mlango. Kupitia ukutani nilimsikia akisema, "Ni mimi." Baada ya hapo sikusikia kitu. Alipotoka alisimama mlangoni kwangu.

"Hataki sauti," aliniambia. "Anasema sauti yangu aliisikia mara ya mwisho ikakatika. Anataka aone uso ninapozungumza."

Hapo ndipo aliponieleza, akiwa amesimama. Siku ile ya Mahajanga mdogo wake alipiga simu posta kuomba msaada, akaipokea yeye. Katikati ya maneno laini ikakatika. Na mdogo wake ameishi miaka yote akiamini kwamba dada yake ndiye aliyemkatia.

"Siku zile waya zilikuwa zinakatwa hovyo," alisema. "Wewe fundi unajua."

Nikasema ndiyo, najua.

Akataka kompyuta. Nilikuwa nazo kadhaa, nikamwonyesha ile iliyokuwa na nafuu. Akachagua nyingine, sanduku la kijivu lililochubuka, la shule fulani ya Réunion, na stika ya kasa bado iko ubavuni. Nilimwambia ile imepigwa sana na hewa ya chumvi. Alisema inamtosha. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa dukani kwangu, kwa hiyo nikatoboa tundu ukutani na kupitisha kebo mpaka kwake. Nikamfungia kamera ndogo juu ya kioo. Taa ya kijani pale kebo inapoingia ikawaka, nami nikafurahi, nikiona nimeunganisha ndugu.

Mara ya kwanza mdogo wake alipotokea kwenye kioo, Opereta alishika meza. Alikuwa mzee aliyekauka, mkono mmoja umefungwa bandeji pale wanapochomeka mashine. Walisalimiana kwa Kingazija, taratibu, wakaulizana afya, wakaulizana mvua. Binti alipita nyuma ya baba yake akapunga mkono. Kisha Opereta akavuta pumzi, akasema, "Siku ile," na uso wa mdogo wake ukasimama, mdomo nusu wazi. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Nilipofanikiwa kuirudisha, mzee alikuwa bado yupo, anatutazama.

"Umenikatia tena," alisema.

"Si mimi. Ni laini."

"Kila siku ni laini, dada."

Walikubaliana kuongea alasiri zile ambazo hapelekwi hospitali. Na kila alasiri ilikuwa ile ile. Salamu zilipita, habari za watoto zilipita, na walipokaribia penye jambo, taa ilizimika. Mara ya tatu au ya nne, tulipomrudia mzee aliacha kulaumu. Alitutazama tu.

Nilianza na nilichoshika mkononi. Nilibadilisha kebo. Nilikata vichwa vya kebo mpya nikavibana upya, nikidhani nilikosea mpangilio wa nyuzi. Nilihamisha upande wa ruta kutoka tundu moja hadi jingine. Nilifuta programu inayoendesha kadi ya mtandao nikaiweka tena. Nikagundua kompyuta imewekwa ijizimie kadi hiyo ili kupunguza umeme, nikauondoa mpangilio huo, nikajisifu mbele yake. Alasiri iliyofuata taa ikazimika kama kawaida. Nikailaumu kampuni ya simu, na hata umeme.

Yeye alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, ananitazama. Nilingoja anisukume kama alivyonisukuma kwa kila redio mbovu. Badala yake alisema, "Acha, mwanangu. Umechoka. Tutaona wiki ijayo."

"Bweni, mzee ataudhika."

"Ameshaudhika tangu zamani."

Siku moja nilichomeka kwenye kebo ile ile kompyuta ya mkononi ya mteja wangu mmoja. Ilishika asubuhi nzima bila kutetereka. Nikakimbia kumwambia: kebo ni nzima, ruta ni nzima, ugonjwa uko ndani ya lile sanduku la kijivu. Tena hatuna haja ya kungoja, atumie hii ya mteja leo leo amalize. Akakataa.

"Mashine ya watu ina masikio ya watu."

"Haina masikio, bweni."

"Nilikuwa mimi ndiye masikio," alisema. "Usinifundishe."

Nikarudi dukani nimekasirika kidogo. Nilimwona ni mwanamke aliyezeeka na mambo yake.

Kisha binti alinipigia mimi, si yeye. Alisema baba yake anachoka upesi, siku nyingine hataki hata kupelekwa kwenye mashine. Anauliza kama dada yake amesema kitu. "Kama kuna jambo, mjomba, liwe sasa." Nikalibeba sanduku la kijivu bila kumwomba ruhusa, nikalifungua mezani kwangu.

Ndani mlikuwa na vumbi lenye unyevu na kutu ya kijani. Nililiwasha likiwa wazi, feni ya mezani ikinipulizia mimi na lenyewe, na taa ikashika. Ikashika muda mrefu. Nilipoisogeza feni kwa sababu karatasi zangu zinapeperuka, haikuchukua muda taa ikazimika. Nikairudisha feni, baada ya muda taa ikawaka. Nikafanya hivyo tena na tena, nikaelewa. Tatizo lilikuwa joto. Mashine ikiwa baridi ilishika, ikipata moto iliachia. Kwa kioo cha kukuzia nikaona pale tundu la kebo lilipolehemiwa kwenye bodi: risasi ya kulehemia imepasuka ufa mwembamba kama unywele, na kutu imeingia humo. Ikipata joto, ufa hufunguka. Salamu zilikuwa zinawahi kupita kwa sababu mashine ilikuwa bado baridi.

Bodi ile haikufaa kulehemiwa tena. Nilizima kadi yake ya ndani, nikachukua kadi nyingine kutoka kwenye kompyuta iliyokufa na kuichomeka pembeni. Nililiacha likiwaka limefungwa, bila feni, katika joto la mchana. Halikuachia.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Bweni, imepona."

"Una hakika?"

"Nimeiacha tangu asubuhi. Sasa hivi hata ukiipika haitakatika."

Hakuniangalia. Alichambua mchele ule mpaka mwisho, akitoa mawe na chenga, polepole, nami nimesimama. Kisha akasema, "Kesho utakaa nami."

Kesho yake alivaa leso mpya, akaketi mbele ya kioo. Nami nikakaa pembeni, mahali ambapo kamera hainioni. Mdogo wake alikuwa amewekewa mito mgongoni. Walisalimiana. Opereta akanigeukia, akanyoosha kidole kuelekea ile taa, nikamwitikia kwa kichwa kwamba iko sawa.

"Siku ile," alisema, "laini haikukatika. Niliichomoa mimi."

Hakutumia sauti ya simu. Alitumia ile ya mikwaruzo.

"Ulisema mko dukani kwa Muhindi, milango imefungwa, mama yuko nawe. Ulitaka nikuunganishe na kambi ya jeshi walete lori. Plagi ya kambi nilikuwa nimeishika mkono huu. Watu wakaingia ukumbini na mapanga, wakauliza nani humu ni Mkomoro. Mimi nilikuwa naongea na wewe kwa lugha yetu. Nikachomoa. Nikapokea simu nyingine kwa Kimalagasi, nikacheka na mpigaji ili wanione nacheka. Walipoondoka nilipiga pale dukani. Ililia tu."

Uso wa mdogo wake haukusogea. Macho hayakupepesa. Nikadhani picha imeganda, nikainama haraka kutazama nyuma ya mashine. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa sawasawa. Laini ilikuwa nzima kabisa.

Baadaye mzee akasema, "Mama aliniuliza, dada yako amesemaje. Nikamwambia, anakuja."

Opereta aliivuta leso yake mbele.

"Akaanza kukunja nguo zake. Alisema asije akakukawiza."

Kisha akanyoosha mkono wenye bandeji, tukauona ukikua mbele ya kioo, na kioo kikawa cheusi.

Nje mtu alikuwa anamwita mbuzi wake.

"Ni laini?" aliniuliza.

"Hapana, bweni."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakulia. Nilitamani nimpe ufagio, kisha nikaona aibu kwa wazo hilo. Nilikwenda kumpikia chai, na niliporudi alikuwa bado amekaa vile vile, mgongo umenyooka, uso kwenye kioo cheusi.

Tangu siku hiyo, kila alasiri waliyokuwa wameagana, alikaa na kupiga. Mashine niliyoitengeneza haikumwangusha hata mara moja. Marseille ililia vizuri, na binti alipokea kwa upole: baba amelala, shangazi, baba yuko hospitali, baba amechoka leo. Nyuma ya binti wakati mwingine ulionekana ukingo wa kitanda na miguu chini ya blanketi. Opereta alishukuru, akasema, "Sasa naweka chini," akangoja binti aseme haya. Kupitia lile tundu la ukutani nilisikia yote. Mara nyingi nilitamani ile kadi ife.

Wateja walikwisha, vibanda vikang'olewa mbao zake. Siku moja alinirudishia sanduku la kijivu, akaniambia anahamia Boanamary, karibu na Mahajanga, kwa jamaa wa upande wa mama yake.

"Mahajanga, bweni?"

"Nimekaa kisiwani vya kutosha," alisema. Sikumsindikiza mbali kuliko gatini.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo.

Binti aliniita kwenye kompyuta yangu asubuhi moja. Baba yake alikuwa amefariki na wameshamzika. Alijaribu kumpigia shangazi, simu haiingii. Nami nikajaribu, haikuingia. Kulikuwa na njia ya kumpelekea ujumbe kupitia mtu, lakini nilimkumbuka yule mama wa bara aliyeambiwa akae kwanza. Nikavuka hadi Ankify, nikapanda gari la abiria, safari ya kuvunja mifupa mpaka Mahajanga. Nililala kwa shemeji yangu, mtaa wa Tsaramandroso, na asubuhi nikapata gari la mizigo linalokwenda Boanamary kuchukua samaki.

Nilimkuta uani, anatandaza uduvi juani juu ya mkeka. Alikuwa amepungua mwili, na leso ameifunga kichwani sasa, imefunika masikio yote. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Umekuja mwenyewe kwa miguu yako," alisema. "Basi ni yeye."

"Ni yeye, bweni. Mungu amrehemu."

Alimaliza kuutandaza uduvi uliokuwa mkononi. Akanawa, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akanionyesha niketi.

"Alisema nini juu yangu?"

Njiani kote nilikuwa nimeyatayarisha maneno. Nilianza kusema kwamba mgonjwa huwa hana nguvu, kwamba moyoni mtu huwa na mengi. Akaniinulia mkono.

"Usinitengenezee. Sema kama ulivyoambiwa."

Nikamwambia. Nilimuuliza binti, naye alinijibu huku analia. Kila simu ya dada yake ilipolia, mzee aliamka, akajua ni nani. Hakutaka kuipokea. Na kila mara alimwambia binti yake maneno yale yale: mwambie laini ni mbaya. Binti hakuweza kuyasema, kwa kuwa laini ilikuwa nzuri na shangazi anaiona. Ndipo akawa anasema baba amelala.

Opereta aliangalia uduvi wake. Kuku alikuja kudonoa, hakumfukuza.

"Kila mara?" aliuliza.

"Kila mara."

"Pale posta," alisema, "mtu akikataa kuongea na mtu, hatukumwambia mpigaji kwamba amekataliwa. Tulisema laini ni mbaya. Mimi ndiye niliyemweleza hilo, alipokuwa anakuja kuningoja nitoke kazini. Alicheka, akasema sisi ni waongo wenye adabu."

Nilingoja aniambie analichukua vipi neno hilo, kama ni msamaha au ni ngumi. Hakuniambia, na sidhani alikuwa anajua. Aliuliza amezikwa wapi. Nikasema kule kule.

"Walimswalia watu wengi?"

"Binti anasema walikuwa wachache. Ilikuwa siku ya kazi."

Akainuka, akatoa mkeka mwingine ndani, akautandika uani ukielekea kibla. Akaniambia nitangulie. Nilimweleza kwamba mimi si mtu wa elimu ya dini, na swala ya maiti asiyekuwapo sijapata kuiongoza. Akasema takbira zake nazijua, na hakuna mwingine hapa.

Nikasimama mbele, yeye nyuma yangu. Niliyasoma niliyoyakumbuka, na mahali pengine nilinyamaza kwa sababu sikukumbuka. Swala ile haina kuinama wala kusujudu, mtu husimama tu mpaka mwisho. Nilitoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, nikageuka.

Yeye alikuwa bado amesimama, mikono imefungwa kifuani, midomo inakwenda. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mkeka. Nikaketi pembeni kumngoja, na gari la samaki likapiga honi barabarani, likapiga tena, kisha likaondoka, naye alikuwa hajamaliza.